Pomboo Naye Ni Mnyama wa Taifa

Wananchi wa Kimamba, Kilosa na Mikumi wanajua maana ya kuishi na wanyama wa porini. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964, wamejifunza, na mara nyingine kwa gharama ya mashamba yao wenyewe, kwamba tembo, twiga na nyati si mali ya mtu mmoja bali ni amana ya taifa zima. Barabara kuu iendayo Iringa hupita ndani ya hifadhi hiyo kwa urefu wa kilomita zipatazo 50, na kila dereva anajua kwamba humo hana budi kupunguza mwendo, na kwamba akimgonga mnyama atatozwa faini. Mgeni aliyelipa kiingilio haruhusiwi kushuka garini na kumfuata simba kwa miguu ili apate picha nzuri. Sheria hizo zimekuwa sehemu ya maisha yetu, wala hatuzioni kuwa ni uonevu.

Lakini nchi yetu inao wanyama wengine ambao hawana lango la hifadhi, hawana askari wa doria, wala hawana kibao cha barabarani kinachomwonya mpita njia. Hao ni pomboo wa Bahari ya Hindi. Leo tunapenda kueleza kwa nini pomboo anastahili heshima ile ile anayopewa tembo wa Mikumi, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mkazi wa Kimamba aliye zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja ambalo limeenea sana, hasa kwetu sisi wa bara. Pomboo si samaki. Huishi baharini na ana umbo la samaki, lakini ni mnyama mwenye damu ya moto, anayevuta pumzi kwa mapafu kupitia tundu lililo utosini, anayezaa na kunyonyesha. Mimba yake huchukua karibu mwaka mzima. Mama huzaa mtoto mmoja tu, humnyonyesha kwa miaka miwili au zaidi, na kwa kawaida hazai tena mpaka ipite miaka mitatu au zaidi. Samaki hutaga mayai kwa maelfu, na bahari ikipumzishwa huweza kujaa tena kwa muda mfupi. Pomboo hana uwezo huo. Anayemwua pomboo jike mmoja ameondoa vizazi vitakavyochukua miaka mingi kurudi, kama vile anayemwua tembo jike.

Wataalamu wamehesabu aina zinazokaribia 40 za jamaa ya pomboo wa bahari duniani. Aliye mkubwa kuliko wote ni yule aitwaye nyangumi muuaji, ambaye licha ya jina lake ni pomboo halisi, na dume lake huweza kufika urefu wa mita 9. Katika maji yetu wako wa namna nyingi. Yuko pomboo wa pwani mwenye pua kama chupa, ambaye ndiye anayeonekana zaidi kusini mwa Unguja. Yuko pomboo mwenye nundu, mwenye haya, anayependa maji ya kina kifupi, vidaka vya mikoko na mahali mito inapoingia baharini. Mbali zaidi na pwani yuko pomboo mwembamba anayeruka juu ya maji na kujizungusha kama pia mara kadhaa kabla ya kuanguka. Yuko mwenye madoadoa. Tena yuko mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye kichwa butu na mwili uliojaa makovu meupe ya meno ya wenzake, ambaye chakula chake hasa ni ngisi wa maji makuu.

Kila aina ina desturi zake, kama zilivyo kabila za watu. Yule anayejizungusha hula usiku kwenye kilindi, na mchana husogea maji ya karibu na nchi kavu kupumzika. Pomboo wa pwani huwinda mchana na usiku, mara peke yake, mara kwa kundi linalowazingira samaki na kuwakusanya. Wote hutafuta njia na chakula kwa kutoa milio na kusikiliza mwangwi wake unaporudi, kiasi kwamba katika giza la kilindi sikio lao hufanya kazi ya jicho. Hulala kwa kupumzisha nusu moja ya ubongo, na nusu nyingine ikabaki macho ili wasisahau kupanda juu kuvuta pumzi. Imethibitishwa kwamba pomboo wenye pua kama chupa wana mlio wa pekee kwa kila mmoja, ambao wenzake huutumia kumwita, kama sisi tunavyoitana kwa majina. Huko Australia, katika ghuba iitwayo Shark Bay, pomboo wa aina hii hii ya kwetu huvaa sifongo puani wanapochimbua samaki chini ya bahari ili wasichubuke, na mama humwachia binti yake elimu hiyo. Huko Laguna nchini Brazil, tangu karne ya 19 wavuvi na pomboo huvua mkizi kwa pamoja: pomboo husukuma kundi la samaki kuelekea ufukweni, hutoa ishara, na mvuvi hutupa wavu wake.

Basi tunazungumza habari ya mnyama mwenye jamaa, mwenye malezi na mwenye elimu anayoirithisha. Jambo la kujiuliza ni jinsi tunavyomtendea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kijiji cha kale chenye msikiti ambao maandishi yake yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kwa miaka mingi wavuvi wa huko waliwazingira pomboo na kuwaua, na nyama yao ikawa chambo cha kuvulia papa. Sisi wa bara tusijitoe katika habari hii. Papa mkavu aliyefungwa katika majamvi na kupandishwa treni alifika hata masoko ya huku kwetu, na wengi tuliomla hatukuuliza alinaswa kwa chambo gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walianza kufika Kizimkazi ili kuwaona pomboo wakiwa hai. Wananchi wakatambua upesi kwamba pomboo aliye hai huleta fedha leo na kesho, na aliyeuawa huleta chambo cha siku moja. Ilipofika mwaka 1996 uwindaji ule ulikuwa umekoma, na mwaka 1997 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaanzisha Hifadhi ya Ghuba ya Menai yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 470. Hilo ni jambo la kujivunia. Wavuvi wa Kizimkazi hawakuhitaji kupigwa viboko ili waache uwindaji. Walihitaji njia nyingine ya kuishi, na walipoipata waliishika.

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Wageni waliongezeka na maboti yakaongezeka nao. Asubuhi kundi moja la pomboo huweza kuzungukwa na maboti mengi, kila nahodha akitafuta kulitangulia mbele ili wageni wake waruke majini juu ya wanyama. Watafiti wa Chuo cha Sayansi za Bahari cha Unguja, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao kutoka Sweden na Uingereza, wameyachunguza mambo haya kwa miaka mingi. Wameona kwamba maboti yakiwapo, pomboo hupunguza muda wa kupumzika, muda wa kula na muda wa kuchezeana, na hutumia muda mwingi zaidi kwenda mbio. Mama mwenye mtoto anayenyonya ndiye anayeumia zaidi, kwa maana mtoto huhitaji utulivu ili apate ziwa.

Katika Mikumi jambo hili lisingevumiliwa hata siku moja. Iwapo magari 10 yangemzunguka tembo mwenye ndama, na abiria wakashuka kumkimbilia, askari wangefika na madereva wangeadhibiwa. Kwa nini linalokatazwa nyikani liruhusiwe baharini? Jibu analolitoa nahodha ni hili: nikizima mashine mimi peke yangu na kukaa mbali, mwenzangu atasogea, mgeni wangu atanung'unika, na kesho atapanda chombo cha jirani. Jibu hilo lina ukweli, nasi hatulidharau. Lakini ukweli huo ndio unaoonyesha kwamba mtu mmoja mmoja, hata awe mwema namna gani, hawezi kuilinda mali ya wote. Mali ya wote hulindwa na wote, kwa kanuni moja inayomfunga kila mmoja, yenye msimamizi na yenye adhabu. Hilo ndilo fundisho tulilolelewa nalo katika siasa ya nchi hii, na bahari inalithibitisha tena.

Tena hao pomboo si wengi kama mgeni anavyodhani. Hesabu iliyofanywa kati ya mwaka 1999 na 2002 katika eneo la kusini mwa Unguja ilikadiria pomboo wa pwani kuwa kati ya 136 na 179, na wenye nundu kuwa kati ya 58 na 65. Idadi hiyo ni ya wanafunzi wa madarasa machache ya shule ya msingi. Wala tusijidanganye kwamba wakipungua watajazwa na wengine kutoka kwingine. Uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba pomboo wa kusini mwa Unguja na wale wa kaskazini, ambao wametengana kwa kilomita zipatazo 80 tu, ni jamii mbili zisizochanganyika sana. Wa kusini wakimalizika, wa kaskazini hawatahamia kuziba pengo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ya maboti ya wageni ni jarife. Wavu huu wenye matundu makubwa hutegwa usiku kwa ajili ya papa na jodari, na pomboo akinaswa ndani yake hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Hufa maji, yeye aliyezaliwa majini. Mvuvi hakumkusudia, wala mara nyingi hana faida naye, na huumia kwa wavu wake kuchanika. Hata hivyo watafiti wa Zanzibar waliona kwamba idadi ya wanaokufa hivyo kila mwaka ilikuwa kubwa kuliko ile inayoweza kufidiwa na wanaozaliwa. Katika Bahari ya Hindi nzima, utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1950 na 2018 nyavu za namna hii zinazovua jodari ziliua pomboo na nyangumi wadogo wapatao milioni 4.1. Nchi yetu ilitajwa miongoni mwa zile ambazo nyavu zake huua wengi. Pomboo mwenye nundu amekwisha kuingizwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Liko pia janga la baruti. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku nchini mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi kama kidonda kisichopona. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita katika pwani nzima ya Tanzania wakiburuta chombo cha kusikilizia chini ya maji, nia yao ikiwa kusikia sauti za pomboo na nyangumi. Walisikia pia milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu yake ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, mbele ya macho ya dola. Katika miaka iliyofuata Serikali iliendesha operesheni kali, na milipuko ikapungua sana. Hilo linaonyesha kwamba utashi ukiwapo, uwezo hupatikana. Kwa mnyama anayeona kwa masikio, mlipuko mmoja ni sawa na kumwagia mtu tindikali machoni.

Wapo watakaokumbuka msiba wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mwishoni mwa mwezi Aprili 2006, ambapo pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni na katika maji ya kina kifupi. Sumu haikuonekana katika miili yao, na matumbo yao yalikuwa karibu matupu. Sababu ilibaki katika dhana, wengine wakifikiri kwamba walipotea njia, wengine wakishuku kelele za vyombo vikubwa. Siku ile taifa lilishtuka. Lakini wanaokufa mmoja mmoja katika nyavu, usiku kwa usiku, hawamshtui mtu, ingawa hesabu yao ni kubwa mara nyingi zaidi.

Tunajua kwamba yupo atakayesema: mnatuhubiria habari za pomboo ilhali watu wanatafuta kitoweo. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Mvuvi si adui wa taifa. Ni mfanyakazi kama mkata mkonge wa Kimamba, anatoka usiku na kurudi alfajiri, na bahari haimpi ahadi. Lakini ziko njia ambazo hazimnyimi riziki. Nchini Pakistan manahodha walijaribu kushusha jarife mita 2 chini ya uso wa maji badala ya kuliacha lielee juu. Vifo vya pomboo vilipungua sana, na jodari wakaendelea kunaswa bila ya hasara kubwa. Mabadiliko hayo yanahitaji kamba ndefu kidogo na maarifa, hayahitaji mamilioni ya fedha za kigeni. Huku kwetu Chuo cha Sayansi za Bahari kilikwisha kujaribu vifaa vidogo vinavyotoa mlio ili kuwaonya pomboo wasikaribie nyavu. Kinachotakiwa ni kuyatoa maarifa hayo katika vitabu vya wataalamu na kuyafikisha katika diko la wavuvi.

Na sisi wa Kimamba tunaingiaje? Mto Mkondoa unaopita Kilosa humwaga maji yake katika mto Wami, na Wami huingia Bahari ya Hindi kati ya Bagamoyo na Saadani, mahali penye mikoko na maji ya kina kifupi ambapo viumbe wa pwani hupata malisho. Tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa reli na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Maji yale mekundu hayakuishia Kilosa. Udongo wa milima iliyokatwa miti kwa ajili ya mkaa, pamoja na dawa za mashambani, husafiri na mto hadi kwenye matumbawe na nyasi za baharini ambako samaki huzaliana. Anayelima kwenye kingo za mto anamharibia mvuvi ambaye hatamwona maishani. Wachina wanalo funzo chungu. Katika mto wao mkubwa wa Yangtze aliishi pomboo wa peke yake duniani. Mwaka 2006, mwaka ule ule wa msiba wa Nungwi, wataalamu walimtafuta kwa majuma sita na hawakumwona hata mmoja.

Mwezi Septemba 1961, ikiwa imebaki miezi mitatu tu Tanganyika ipate Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyama wa porini, akiahidi mbele ya dunia kwamba nchi hii itawatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo haikuwekewa mpaka ufukweni. Nasi tuliopita chuoni kabla ya shule za Serikali tulifundishwa kisa cha Nabii Yunusi katika tumbo la samaki, na tulifundishwa vilevile kwamba kumwua kiumbe pasipo haja ni jambo ambalo mtu ataulizwa.

Kwa hiyo tunazishauri Serikali zetu mbili, kwa kuwa pomboo hajui mpaka wa Bara na Visiwani, ziwe na kanuni moja ya kuwatazama pomboo: idadi ya maboti kwa kundi, umbali wa kusimama, muda wa kukaa, na marufuku ya kuwakatia njia mama wenye watoto. Kamati za wavuvi za vijiji na shehia zipewe nguvu ya kuisimamia, na sehemu ya mapato ibaki kijijini ili kanuni iwe na mwenyewe. Maofisa wa uvuvi wawafundishe wavuvi kushusha jarife, na kila pomboo anayenaswa aandikwe bila mvuvi kutishwa, kwani mvuvi anayetishwa huficha. Shule za bara nazo zimfundishe mtoto habari za pomboo kama zinavyomfundisha habari za simba. Na sisi wa bonde la Mkondoa tuwasimamishe wanaolima kingoni mwa mto na kuchoma mkaa milimani, bila kusubiri kuambiwa na watu wa pwani.

Mikumi ilihitaji miaka mingi hadi wananchi wakaikubali kuwa yao. Pomboo hawana nafasi ya kutusubiri muda mrefu namna hiyo, kwani hesabu yao ni ndogo na uzazi wao ni wa polepole. Tulichokiweza nyikani tunakiweza baharini, iwapo tutakubali kwamba bahari nayo ni sehemu ya nchi yetu.